Tusiwasingizie Uzembe

"Soma maelekezo kwa makini." Kwa wanafunzi wetu walio wengi, sentensi hiyo ndiyo somo zima walilowahi kupewa kuhusu kusoma maelekezo. Mwalimu wa zamu huisema paredi, mwalimu mkuu huirudia siku ya kuwaaga darasa la saba, msimamizi huitamka kabla bahasha ya mitihani haijafunguliwa, na mzazi naye huisema mlangoni mtoto akiondoka asubuhi na kalamu zake mbili. Kisha mtoto akijibu maswali matatu pale alipoambiwa mawili, au akachambua riwaya pale alipotakiwa tamthiliya, sote tunajua la kusema. Mzembe. Ana haraka. Watoto wa siku hizi akili zao ziko kwenye simu. Anayetaka kuipamba hukumu huongeza methali, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mjadala unaishia hapo.

Naipinga hukumu hiyo. Kusoma maelekezo ni kazi ya kusoma, tena ngumu kuliko kusoma hadithi au habari ya gazeti, na shule zetu haziifundishi. Baya zaidi, mazoea yetu ya kila siku darasani yanamzoeza mtoto asiyasome. Tunamlea hivyo kwa miaka kumi na moja, kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne, halafu tunamweka mbele ya karatasi ya taifa, na akikosea lawama yote tunamtwika yeye.

Anayedhani maelekezo ni jambo jepesi na aichukue karatasi ya Fasihi ya Kiswahili katika mtihani wa sekondari wa Kenya, KCSE. Kwa miaka mingi masharti yake yamekuwa haya: mtahiniwa ajibu maswali manne tu, swali la kwanza ni la lazima, matatu mengine yatoke katika sehemu nne zilizobaki, na asijibu maswali mawili kutoka sehemu moja. Ni mistari michache, na hakuna neno gumu hata moja. Lakini tazama kazi anayopewa kijana. Atoe moja katika manne, abakiwe na matatu. Matatu hayo ayagawe katika sehemu nne, maana yake sehemu moja ataiacha nzima. Katika kila sehemu atakayoichukua achague swali moja, aache jingine. Na sehemu ya kuacha hawezi kuijua mpaka awe amesoma maswali ya sehemu zote, jambo ambalo karatasi yenyewe haimwambii. Hapo kuna hesabu, kuna mantiki, kuna kupanga muda, vyote vimefungwa ndani ya sentensi nne fupi. Mtu mzima akipewa fomu ya benki yenye masharti ya namna hiyo hugeuka kumwuliza karani.

Hadithi ina huruma kwa msomaji. Ukirukwa na neno moja, sentensi inayofuata inakurudishia; ukisahau jina la mhusika, atatajwa tena ukurasa wa pili. Msomaji mzuri wa hadithi hujifunza kukimbia, na ni sawa akimbie. Maelekezo hayana huruma hiyo. Neno "tu" likikupita, limekupita. "Kila" ukiisoma kama "yoyote", hoja sita zimekuwa tatu. "Au" na "na" zinatenganisha mtu aliyejibu na mtu aliyepotea. "Isipokuwa" katika swali la kuchagua inageuza jibu zima kichwa chini, na wataalamu wa saikolojia ya lugha walikwisha kuonyesha tangu miaka ya 1960 kwamba sentensi ya kukanusha humchukua msomaji muda mrefu zaidi kuielewa kuliko ya kukubali. Kwa hiyo mwanafunzi anayekosea hapo si lazima awe amesoma ovyo. Huenda amesoma maelekezo kwa ule ustadi tuliomfundisha wa kusoma hadithi, na ustadi huo hapa haumfai.

Wapo watakaoniwahi: tatizo ni Kiingereza, mbona unazunguka? Najua uzito wa hoja hiyo. Mtoto wa shule ya serikali Tanzania anasoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha anavuka likizo moja na kukuta Biolojia, Historia na Jiografia zote zimebadili lugha, kwa msaada wa kozi ya majuma machache. Anayetakiwa kujibu maswali yote ya sehemu A na B na mawili ya sehemu C, kwa lugha ambayo nyumbani haizungumzwi, ana kila sababu ya kuteleza. Lakini chukua taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza la Mitihani la Tanzania huzitoa baada ya mitihani yake, somo kwa somo. Fungua ya somo linalofanywa kwa Kiingereza, kisha ufungue ya Kiswahili. Katika zote utakutana na maelezo yale yale: walioshindwa hawakuelewa matakwa ya swali. Katika Kiswahili! Katika lugha wanayoitumia kununulia vitumbua na kugombania siti ya daladala. Kiingereza kinaongeza uzito wa mzigo, hakikuuanzisha. Hata kesho tukibadili lugha ya kufundishia, jambo ambalo mimi nalitaka, mwanafunzi ambaye hakufundishwa kuchambua sharti ataendelea kulikosa kwa lugha yake mwenyewe.

Taarifa hizo ni hazina, na nasikitika kwamba shule nyingi huziacha zikae kabatini. Lakini nazo hufuatwa na lile pendekezo lililozoeleka: watahiniwa wasome maswali kwa makini. Tunarudi tulipoanzia. Daktari akimwambia mgonjwa apone, hajamtibu.

Sasa twende darasani, maana huko ndiko uzembe unaosemwa unakozaliwa, na mzazi wake ni sisi walimu.

Vitabu havitoshi na wanafunzi ni wengi, kwa hiyo mwalimu anaandika zoezi ubaoni. Anaandika neno "Zoezi", anaandika tarehe, kisha sentensi, namba moja hadi kumi. Sharti la zoezi haliandiki. Analisema kwa mdomo huku akipangusa chaki mikononi: "Hizi mnazibadilisha ziwe wakati uliopita, halafu kila kitenzi mnakipigia mstari." Aliyesikia anaanza. Aliyekuwa akichonga penseli anamwuliza jirani. Jioni yakusanye madaftari ya darasa hilo uyafungue. Utaona maswali, majibu, vema nyekundu na makosa, ukurasa baada ya ukurasa, wala hutaona maelekezo hata mstari mmoja. Mtoto huyo amefanya mazoezi mwaka mzima na maelekezo ya mazoezi hayo yote aliyapokea kwa masikio. Macho yake hayakuhusika.

Siku ya mtihani wa shule mambo ni yale yale. Karatasi zinagawiwa, dakika mbili hazijaisha mkono uko juu: "Madam, sehemu C tunajibu yote?" Na Madam, kwa moyo mwema kabisa, anajibu: "Mawili tu. Na la kumi na moja msiliguse, hatujafika." Darasa zima linasikia, na kuanzia hapo mistari iliyochapwa juu ya karatasi haina kazi tena. Mwanafunzi mwenye akili hujifunza haraka kwamba maelekezo halali ni yale yatakayotamkwa, na yaliyoandikwa ni urembo wa ukurasa wa kwanza. Huo si uzembe. Ni hesabu sahihi aliyoipiga kutokana na maisha ya shule jinsi yalivyo.

Anaipiga sahihi zaidi anapogundua kwamba maelekezo tunayoyaandika sisi wenyewe mara nyingi ni ya uongo. Mwalimu anatunga mtihani wa nusu muhula usiku wa manane, ananakili ukurasa wa mbele kutoka mtihani wa mwaka jana, anabadili tarehe. Karatasi inasema ina sehemu A, B na C. Ukiifunua ina A na B. Inasema jibu maswali matano. Ukihesabu yapo manne. Inasema saa tatu wakati kipindi cha mtihani ni saa moja na nusu. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu kila mtu anajua mwalimu ataingia atangaze marekebisho. Mtoto aliyezoeshwa kwamba maandishi hayo hayaaminiki, kwa nini siku moja ya Novemba, kwenye mtihani wa taifa, ayaamini ghafla?

Kisha inakuja kusahihisha. Swali limesema taja, mwanafunzi ameeleza kwa nusu ukurasa, tunampa vema. Limesema hoja tatu, ameandika saba, tunachagua tatu nzuri kwa niaba yake. Limesema andika herufi ya jibu sahihi, ameandika jibu lenyewe kwa maneno, tunamhurumia. Naielewa huruma hiyo, na sisemi tumnyime mtoto alama za maarifa aliyo nayo. Nasema tumwonyeshe alipoachana na sharti. Daftari likirudi na vema tupu, limemwambia kwamba sharti halikuwa na maana.

Ikifika Novemba, msimamizi ni mgeni aliyetoka shule nyingine na haruhusiwi kufafanua swali. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya shule, mtoto anakutana na maelekezo yasiyo na sauti.

Kuna jambo jingine, na hili ni la aibu kubwa zaidi kwa sababu tunalijivunia. Mazoezi ya mitihani ya nyuma. Sina ugomvi na karatasi hizo zenyewe. Zinafundisha mpangilio wa mtihani na kugawa muda. Ugomvi wangu ni namna tunavyozitumia, hasa katika fasihi. Tunampa mwanafunzi majibu yaliyokwisha kupikwa: mwanamke kama mlezi wa familia, mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama mtu mwenye msimamo, mwanamke kama mvumilivu, kila moja na mfano wake kutoka katika Takadini au Ngoswe. Anayakariri yote. Akiingia kwenye chumba cha mtihani hasomi swali. Analitafutia neno la kufungulia. Akiona "mwanamke", bomba limefunguka. Swali lilitaka mambo yanayomkwamisha mwanamke, au jinsi wahusika wa kike wanavyopinga mila fulani. Yeye kamwaga nafasi ya mwanamke, hoja sita, kwa mwandiko mzuri. Tukimwita mzembe kijana huyo tunamdhulumu. Amefanya bidii ya miezi, na amefanya kile hasa tulichomwagiza.

Wenzangu wanaoamini katika uzembe wana dawa yao, na imeenea mashuleni na hata kwenye semina. Ni ile karatasi ya mtego. Mstari wa kwanza unasema soma yote kabla hujafanya lolote. Kisha inafuata orodha: andika jina lako, chora miraba mitano, simama useme jina la shule yako kwa sauti, piga makofi mara tatu. Mwisho kabisa imeandikwa: sasa umeshasoma yote, fanya namba moja tu. Nusu ya darasa wameshapiga makofi. Wanachekwa, mwalimu anasema "Mmeona?", kengele inalia.

Wameona nini? Wameona kwamba mwalimu anaweza kuwatega. Hakuna aliyeonyeshwa jinsi ya kusoma sharti lenye sehemu tatu, wala jinsi ya kulirudia kwa maneno yake, wala jinsi ya kuligeuza kuwa mpango wa kazi. Tena mtego wenyewe umejengwa kinyume na maelekezo ya kweli, kwa maana maelekezo ya kweli hayafutwi na mstari wa mwisho. Mtoto aliyepiga makofi alitii amri kwa utaratibu ambao kila orodha ya kazi hufuata duniani. Na wale walionusurika, mara nyingi ni kwa sababu kaka au dada aliyetangulia alikwisha kuwasimulia. Kuaibisha mtu kwa jambo ambalo hukumfundisha hakumwongezei ujuzi wowote. Kunamwongezea woga, na woga ndio unaomfanya kesho ashindwe hata kunyoosha mkono kuuliza.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu, na ulikwisha kuchunguzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Dolores Durkin wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alikwenda kukaa madarasani kutazama ufahamu unafundishwaje. Katika vipindi vya kusoma vya darasa la nne alifuatilia dakika 4,469. Kati ya hizo, dakika alizoweza kuziita za kufundisha ufahamu, yaani mwalimu akionyesha namna ya kupata maana, zilikuwa 20. Zilizobaki zilikwenda kwingine, na sehemu kubwa ilikuwa ni kuuliza maswali ili kupima kama wanafunzi wameelewa. Walimu wale hawakuwa wavivu. Waliamini kwamba kuuliza ndiko kufundisha. Nchi yao ilikuwa na vitabu na madarasa yenye nafasi, na bado walifanya tunalolifanya sisi: kupima stadi ambayo haijafundishwa, kisha kushangaa matokeo.

Nasikia pingamizi la silabasi. Mada ni nyingi, muhula ni mfupi, nani ana kipindi cha kupoteza kwa maelekezo? Pingamizi hilo linadhani maelekezo ni mada mpya ya kuongeza. Haihitajiki mada mpya. Tangu 2005 mitaala ya sekondari Tanzania inasema inajenga umahiri, na mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika 2024 unasema hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Ana umahiri gani mtu asiyeweza kusoma kazi aliyopewa akajua imekamilika lini? Mazoezi yapo tayari, mitihani ipo tayari, karatasi za nyuma zipo tayari. Kinachotakiwa ni kubadili tunachokifanya navyo. Hili linamhusu mwalimu wa Hisabati kama linavyomhusu wa Kiswahili. "Andika jibu katika sehemu iliyorahisishwa" ni sharti, na alama inapotea hapo wakati hesabu yenyewe ni sahihi.

Wengine wanasema tutawadekeza: mtu mzima hatafuniwi. Lakini kutafuna ndiko tunakokufanya sasa, kila mara Madam anapojibu "mawili tu". Ninachokidai kinamwachia mwanafunzi kazi yote.

Chukua kidato cha tatu, kipindi cha dakika 40, na swali la aina wanayokutana nayo kila siku. "Kwa kutumia hoja tatu kutoka katika kila kitabu, onyesha jinsi waandishi wa tamthiliya mbili ulizosoma walivyobainisha vyanzo vya migogoro katika familia." Liandike ubaoni, sharti lote, neno kwa neno, kisha usilisome kwa sauti. Waambie hakuna kujibu leo. Leo tunataka kujua swali hili linadai nini.

Uliza zinatakiwa hoja ngapi kwa jumla. Baadhi watasema tatu, baadhi sita, na wachache watasema mbili kwa sababu wameiona "mbili". Usiwaamue. Mwambie wa sita aje aweke kidole kwenye neno linalomfanya aseme sita. Ataweka kwenye "kila". Wa tatu watanyamaza, na somo hilo hawatalisahau kwa sababu wamelipata wenyewe. Uliza ni vitabu vipi vinaruhusiwa. Watataja Orodha, Kilio Chetu, Ngoswe, na kuna mmoja, lazima yupo, atataja Watoto wa Mama N'tilie. Wenzake watampinga: hiyo riwaya. Mwulize huyo huyo angepata alama ngapi kwa insha nzuri juu ya kitabu kisichotakiwa, ajibu yeye.

Kisha fika mahali penye ugumu wenyewe. Andaa aya tatu fupi juu ya migogoro ya familia. Moja inaeleza chanzo cha mgogoro. Mbili zinaeleza madhara yake, na hizi ziandike vizuri kuliko ile ya kwanza, zenye mifano na majina ya wahusika. Waulize ipi ibaki. Watazitetea zile mbili kwa nguvu zote, kwa kuwa ni nzuri, kwa kuwa zimetoka kitabuni, kwa kuwa zina urefu. Waache watetee mpaka mmoja arudi kwenye swali asome "vyanzo". Hapo ndipo mwanafunzi anapolazimika kulikata jibu zuri ambalo halikuulizwa, na kazi hiyo ya kukata ndiyo wengi hawajawahi kuifanya hata mara moja kabla ya mtihani wa taifa. Dakika tano za mwisho kila mmoja aandike sharti lile kwa maneno yake: nitatumia kitabu hiki na hiki, hoja tatu na tatu, kila hoja iwe chanzo. Kengele ikilia hakuna aliyejibu swali, na hakijapotea kitu.

Kwa watoto wadogo ipo njia nyepesi na yenye raha zaidi, ya kuwafanya waandike maelekezo wao. Mmoja anachora picha asiyomwonyesha mwenzake, duara, pembetatu, mstari, halafu anaandika maelekezo ya kuichora. Mwenzake anafuata maandishi peke yake, bila kuuliza. Picha mbili zikiwekwa pamoja pembetatu iko ndani wakati ilitakiwa iwe juu, na mwandishi anagundua kwamba alichokiona kichwani hakukiandika. Mtoto aliyewahi kuandika sharti likafuatwa vibaya atayatazama maelekezo ya wengine kwa jicho jingine kabisa. Zana zinazotakiwa ni karatasi na penseli.

Nimezungumzia mitihani kwa sababu ndiyo inayotuumiza roho, lakini shule inaisha. Ukitoka duka la dawa umeshika bahasha ndogo ya karatasi yenye maandishi ya kalamu: 4x2. Hiyo ni dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima, vidonge vinne kutwa mara mbili kwa siku tatu. Lakini dozi ya pili inatakiwa saa nane baada ya ile ya kwanza, na hilo 4x2 hailisemi; limo kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, kama boksi lenyewe umepewa. Mkulima wa nyanya Ilula anashika chupa ya dawa ya kuulia wadudu, na mahali fulani kwenye lebo, kwa herufi ndogo, zimeandikwa siku ambazo lazima zipite kati ya kupulizia na kuchuma. Wanaokula nyanya hizo ni sisi. Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira huweka wazi katika masharti ya jumla kwamba hati ya matokeo ya kidato cha nne na cha sita haikubaliki, kinachotakiwa ni cheti. Bado wapo wahitimu wa chuo kikuu wanaoambatisha hati ya matokeo. Miaka yote waliyosoma haikuwafundisha kusoma ukurasa mmoja wa masharti, na tutawaita wazembe nao?

Sikatai kwamba mzembe yupo. Kila darasa lina wake, na kila ofisi pia. Lakini kosa linalorudiwa na maelfu, mwaka hadi mwaka, katika kila somo na kila mkoa, haliwezi kuwa tabia ya mtu mmoja mmoja. Kosa la namna hiyo lina mfumo unaolizalisha. Na wanaotoa mfano wa shule zinazong'ara, waulize wanafunzi wa shule hizo wanafanya nini Jumamosi. Wanafanya mitihani iliyochapwa vizuri, yenye maelekezo ya kweli, chini ya usimamizi usiojibu maswali. Stadi ile wameipata kwa kuifanya. Walio nayo wamefundishwa, hata kama aliyewafundisha hakuipa kazi hiyo jina.

Kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, naomba vitabu vya kiada na miongozo ya walimu viwe na masomo ya kusoma sharti, kuanzia darasa la tatu, yenye mifano iliyofanywa hatua kwa hatua. Kwa Baraza la Mitihani, naomba taarifa za uchambuzi zitenganishe aliyekosa kwa kutojua mada na aliyekosa kwa kuacha sharti, ili mwalimu ajue anatibu nini. Na pale inapowezekana, masharti ya kuchagua maswali yaandikwe tena mwanzoni mwa sehemu husika, mahali ambapo mtahiniwa anayahitaji. Vyuo vya ualimu navyo vimfundishe mwalimu kuandika maelekezo, maana hawezi kufundisha kusoma kitu ambacho yeye mwenyewe anakinakili bila kukisoma.

Na kwako, mwalimu mwenzangu unayeandaa mtihani wa nusu muhula: andika ukurasa wa mbele upya, uhakikishe kila mstari ni wa kweli. Siku ya mtihani mkono ukinyooshwa kuuliza kama wanajibu yote, usitangaze. Nenda hadi kwenye dawati, onyesha mstari kwa kidole, mwache asome. Fanya hivyo mwaka mzima kabla hujatamka tena neno uzembe.